Gunia Lako Limefunguliwa, Fundi

Mwaka umetimia, mume wangu, tangu asubuhi ile ulipoomba maji, ukanywa funda moja, ukarudisha kichwa kwenye mto na usiongee tena. Daktari alisema ni damu iliyoganda kwenye mguu uliovunjika, ikapanda hadi kwenye mapafu. Nilibaki nimeshika kikombe. Nilikishika muda mrefu kwa sababu sikujua pa kukiweka.

Wateja walikuita Fundi Taratibu. Wengine walisema hivyo kwa heshima na wengine kwa hasira, maana pikipiki iliyotakiwa asubuhi ilitoka jioni. Mtu angekuja juu, "Fundi, mimi nategemea hiyo pikipiki kula!" na wewe ungemjibu bila hata kuinua kichwa, "Utakula ukiwa na breki." Kisha ungemsogezea kigoda na chai. Hakuna aliyewahi kuja kugombana na wewe akaumaliza ugomvi wake.

Ulikuwa na tabia za kuudhi, na siku yako ya leo sitazificha. Tukialikwa harusini, uliinama kukagua tairi za pikipiki za wageni, na suti niliyokufulia mimi ikarudi na oili gotini. Plagi za pikipiki ulizihifadhi kwenye droo yangu ya vijiko.

Na kulikuwa na ile ya gunia. Kila mteja ulimrudishia vitu vibovu ulivyovitoa kwenye pikipiki yake, vimefungwa vizuri ndani ya gunia, atake asitake. "Kagua mwenyewe," ulimwambia. "Uone nimetoa nini, usije ukasema nimekuibia." Watu walicheka. Mwenzako wa gereji, yule tunayemwita Spana, alilalamika kwamba mafundi wenzenu wanauza vyuma chakavu, nyinyi mnavifunga kama zawadi.

Siku ya ajali ulikuwa unampeleka shule binti yetu, ambaye tangu azaliwe hukumwita jina lingine zaidi ya Bosi. Mlangoni ulimfunga mkanda wa helmeti, ukauvuta tena kuhakikisha, akalalamika kwamba unamnyonga. Hicho ndicho kitu cha mwisho ulichokumbuka. Karibu na kivuko cha shule gari la bluu likawagonga. Bosi alikuwa amelaza uso mgongoni kwako kwa sababu ya baridi, usingizi umemchukua, hakuona wala kuhisi lolote. Wewe ulizinduka hospitali, nyonga na paja vimevunjika, na ajali yenyewe imefutika kichwani. Yeye mguu wake ulibanwa chini ya pikipiki. Goti lake halikunjiki vizuri mpaka leo.

Wewe ukiwa bado hujitambui, mwenye gari aliwaambia polisi kwamba ulichomoka uchochoroni ukamkata mbele, ndiyo maana akakugonga ubavuni. Walioona walikuwa wameshatawanyika. Neno lake likabaki peke yake.

Halafu upendo ukatuponza. Wenzako wa gereji waliichukua pikipiki polisi, wakachangishana, wakaitengeneza. Walitaka ukitoka wodini uikute inang'aa. Walinyoosha, wakapaka rangi, wakafunga taa mpya. Kwa hiyo wakili tuliyemweka atudaie fidia alipokuja nyumbani kuuliza pikipiki iko wapi aipige picha, Spana alimjibu kwa fahari, "Ipo, mheshimiwa! Utadhani imetoka dukani leo!"

Wakili alivua miwani.

"Jamani," alisema, "mmeufuta ushahidi kwa mikono yenu."

Spana alitoka nje bila kuaga, na sikumwona tena kwangu kwa muda mrefu.

Wewe ulikuwa umesharudi kutoka hospitali, umelala chumbani, na mlango ulikuwa wazi. Uliyasikia yote. Tangu siku ile ukaanza kulala umeelekea ukutani.

"Labda ni mimi," uliniambia.

"Wewe? Wewe unayesimama hata kuku akivuka?"

"Nilikuwa nimechelewa, mama watoto. Kuna mteja alikuwa ananisubiri. Labda nilikuwa na haraka."

"Hujawahi kuwa na haraka tangu unioe. Hata harusini ulichelewa."

Hukucheka. Ulimpigia wakili simu ukamwambia aachane na madai, kwamba huwezi kumdai fidia mtu uliyemkosea wewe. Nilikununia. Nilipika, nikakuogesha, nikakugeuza ubavu, na yote niliyafanya nimenuna. Sikujua kwamba siku zako zinakwisha.

Na kila Bosi alipoingia na magongo yake ulisema neno lilelile: "Nisamehe mguu, Bosi." Mwanzoni alijibu, "Baba, acha bwana." Baadaye alichoka, akawa anakikwepa chumba chako. Hilo linamuuma kuliko goti, na ameniomba niliandike hapa ulijue. Jioni yako ya mwisho uliniambia, "Mwambie Bosi anisamehe." Uliondoka hivyo, baba wa watu, ukiamini kwamba umemlemaza mwanao.

Baada ya mazishi Spana alikuja akiikokota pikipiki, macho chini. Juu ya kiti alikuwa amefunga gunia.

"Shemeji, pole. Pikipiki ya marehemu hii. Na mzigo wake huu hapa."

"Mzigo gani tena?"

"Vile vitu vibovu tulivyovitoa. Si ndivyo alivyotufundisha? Gunia linatoka na pikipiki, anakabidhiwa mwenyewe. Tulikuwa tunamsubiri aje achukue."

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi. Wewe hukutaka hata kuiona pikipiki ile, na kwa hiyo gunia lilikuwa limelala juu yake gereji, chini ya turubai, miezi yote uliyokuwa unajilaumu. Tabia ile tuliijua sote. Tuliicheka miaka na miaka. Hakuna hata mmoja wetu aliyeikumbuka ilipotakiwa, na mpaka nife sitaelewa kwa nini.

Nilimpigia wakili, akaja akalifungua mezani kwetu. Kibao cha namba kilikuwa kimekunjwa kutoka nyuma, na kwenye mikunjo yake kulikuwa na rangi ya bluu. Taa ya nyuma ilikuwa vipande. Madigadi ya nyuma, ile ya kuzuia tope, imejikunja, rimu ya nyuma imebonyea. Vyuma vya ubavuni, vya kukanyagia, vilikuwa na michubuko ya lami tu. Madai yakafufuliwa, kwa ajili yako na kwa ajili ya Bosi.

Mahakamani Spana alisimama na shati jipya, akaeleza kila kipande kilitoka wapi. Mkaguzi wa magari alivigeuza kimoja kimoja, akasema pikipiki hii haikugongwa ubavuni. Iligongwa kutoka nyuma, ikiwa imesimama au iko karibu kusimama. Ulikuwa umesimama, mume wangu. Na pale kivukoni, ungesimama kwa lipi lingine? Ulikuwa unapisha watoto wavuke. Hakimu alisoma hukumu mwezi uliopita: marehemu hakuwa na kosa lolote. Mwenye gari aliinama akawa anatazama viatu vyake, na mimi nilimtazama yeye mpaka alipotoka.

Fidia imetoka. Bosi amefanyiwa operesheni nyingine, na daktari hataki kutuahidi kitu kuhusu lile goti. Watu wananipongeza njiani kwamba tumeshinda. Nawaitikia ahsante, nikifika nyumbani nafunga mlango nalia.

Na nyinyi ndugu mnaosoma, mtu wenu akigongwa akiwa kwenye pikipiki yake, pikipiki hiyo msiiguse. Msiioshe, msiinyooshe, hata kama mnampenda kiasi gani. Ipigeni picha pande zote kwanza, na majina ya walioona yachukueni palepale kabla hawajaondoka. Sisi tuliokolewa na tabia ya marehemu, na hata hivyo yeye tulichelewa kumwokoa.

Gunia mahakama imeturudishia. Jumapili Bosi alisema lazima likabidhiwe kwa mwenyewe. Tulikwenda kaburini, yeye mbele na gongo lake moja, Spana nyuma amelibeba. Bosi hawezi kupiga magoti, kwa hiyo alikaa chini na mguu ameunyoosha, akafungua kamba, akavitoa vitu na kuvipanga juu ya udongo, akivitaja kama ulivyomfundisha. Taa ya nyuma. Madigadi. Rimu. Kibao cha namba. Spana alianza kulia kabla Bosi hajamaliza.

"Kagua mwenyewe, baba," Bosi alisema. "Hukukosea. Sina cha kukusamehe."

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo, binti yako Bosi, na mwanao wa kiume, ambaye sasa ndiye anayeficha plagi kwenye droo ya vijiko, mama yako mzazi, kaka na dada zako, shemeji, wakwe na wapwa, na Spana pamoja na gereji nzima, ambao mpaka leo hawatoi pikipiki bila gunia. Kila tutakaposimama kivukoni kupisha watoto, tutakukumbuka, leo na daima.