Sala ya Marisela

Dada yangu Sekela,

Hamjambo hapo Tukuyu? Mvua imekatika, au bado mnaanika nguo jikoni? Na goti la Mama linamruhusu kwenda kanisani? Sisi huku Toronto tu wazima. Baridi ipo, ila mtu wa Tukuyu akilalamikia baridi atachekwa.

Swali lako nimelipata, na najua nimechelewa kulijibu. Unasema Mama bado anakifunga chumba changu kwa ufunguo, kila Jumamosi anakifagia na kutandika kitanda, huku wanao wanalala chini sebuleni. Unataka niseme mwenyewe kama narudi kuishi au la. Ngoja kwanza nikueleze jambo la kazini.

Bado nafua mashuka ya hoteli, kule karibu na uwanja wa ndege. Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili, na mwenzangu ni Marisela, mama wa makamo kutoka Meksiko. Akikunja huimba kwa Kihispania, tena wimbo mmoja tu, wa kijijini kwao, wa zamani hata aliyeutunga hajulikani. Mimi humo nilikuwa naambulia neno moja: sala. Basi kila akifika hapo naacha kukunja, nainamisha kichwa kama tulivyolelewa. Juzi shuka likaanguka sakafuni. Akaniuliza, kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga, "Wewe, unasinzia?"

Nikamwambia nangoja amalize kusali. Alicheka mpaka akakalia kikapu cha nguo. Kumbe kwao sala ni sebule. Wimbo wenyewe ni wa mtu aliye mbali, anamsihi mama yake asimruhusu yeyote kukalia kiti chake sebuleni.

"Halafu akarudi?" nikamuuliza.

"Wapi. Anaimba tu."

Akauimba tena taratibu, na safari hii naelewa. Dada, nilipakumbuka nyumbani: harufu ya ndizi za kuchoma, sauti ya Mama akiita kuku. Lakini yule bwana wa kwenye wimbo alinikera pia. Yeye anaimba vizuri, wageni wa mama yake wanasimama.

Sasa jibu. Sirudi kuishi. Nitakuja kuwaona, Mungu akipenda, lakini maisha yangu yako huku. Mke wangu ana kazi yake, na binti yetu nikimsemesha Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza. Wape watoto kitanda. Inaniuma kuandika hivi, usidhani ni rahisi.

Nisalimie shemeji, na mama mdogo wa pale dukani, na mwalimu wa kwaya aliyeniambia sina sauti. Barua hii msomee Mama wewe mwenyewe, asubuhi, akishakunywa chai. Pale niliposema sirudi usiparuke. Na asipokupa ufunguo siku hiyo, usimwombe.

Mdogo wako,
Ambakisye