Koki ya Mafuta Ilikuwa Imefungwa

Baba Mogesi,

Uji uko jikoni, nimeufunika. Ndama mfunge, asimalize maziwa.

Asubuhi ulipiga kiki mpaka ukatokwa jasho, ukaniambia, "Pikipiki imekufa, Philomena. Kwa mama yako tutakwenda siku nyingine." Ukaenda Bomani kutafuta fundi. Nikaikagua mwenyewe. Plagi ilikuwa safi. Koki chini ya tangi ndiyo ilikuwa imefungwa. Nikaifungua, nikapiga kiki, ikawaka.

Wewe ni mtu wa kusahau koki? Uliifunga makusudi. Tangu mavuno ni "siku nyingine," na mama anakufa Nyanungu. Umenifungia humu kama ng'ombe zizini.

~~Nitakusubiri urudi tuzungumze.~~

Kuendesha sijui, kwa hiyo nimeizima. Nakwenda kwa miguu, mtoto nimembeba. Mvua ikinikuta njiani, inikute.

Mama Mogesi