Ng'ombe Niliowaandika kwenye Fomu

Dada Wakesho,

Kabla ya yote niambie goti lako linaendeleaje, na kama mvua imefika Rukanga au imeishia tena kule juu mlimani. Mimi mwili uko sawa isipokuwa bega la kulia. Roho ndiyo imechafuka.

Najua umenikasirikia. Nilikupigia simu nikakwambia umtafute mnunuzi wa ng'ombe wote. Ukahangaika, ukamleta na lori kutoka Voi, halafu nikakutumia ujumbe wa neno moja: usiuze. Nimesikia mwenye lori alikutukana mbele ya majirani. Aibu hiyo ni yangu. Barua hii nimempa fundi mmoja wa Bomeni anayekuja likizo, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Kile kiwanda cha kuchinja nguruwe nilichokuwa nikifanyia kazi kimefungwa. Hapa Denmaki kuna bima ya wanaopoteza kazi, lakini ni ya mtu kujiunga mwenyewe, nami sikujiunga. Miaka tisa, kile wenzangu walichokuwa wakilipia bima mimi nilikigeuza mitamba, nawe ukaipeleka kwa watu waifuge, wanywe maziwa na wapate ndama wao, kama baba alivyofanya ili ukame usitumalize kwa siku moja.

Kodi ya chumba iliponishinda nikaenda manispaa. Mama mmoja mpole akanipa fomu ya kueleza nina mali gani. Dada, nilifikiri ni kama kuomba mkopo kwenye chama chetu cha akiba, ile sako ya pale Voi, ambapo ukionyesha una kitu ndipo unaaminiwa. Kwetu mtu hatangazi ng'ombe wake. Hata wewe hukuwajua wote wa baba mpaka alipofariki. Mimi nikawataja wote, na shamba pia. Nikamwandika hata yule mwekundu aliye zizini kwako, ambaye ni wa Mzee Mwakio wa Makwasinyi na sisi tunamfugia tu. Nikajaza mpaka nyuma ya karatasi, nikaketi kama bwana harusi.

Yule mama akasoma, akanitazama. "Bwana Mwadime, kumbe una mali. Uza kwanza, utumie hizo pesa. Zikiisha, rudi tukusaidie."

"Zikiisha nitakuwa maskini."

"Ndiyo. Maskini ndiye tunayemsaidia."

Ndipo nikakupigia ile simu, nikasema wote, bila kumtoa yule mwekundu.

Nje ya ofisi nilimkuta Jens, mwenyeji tuliyekuwa tukikata nyama meza moja. Ni mtu wa umri wangu na hana hata kuku. Mshahara wake wote uliishia kwenye bia, pikipiki na safari za kwenda kuota jua. Yeye amepewa msaada. Akanicheka. "We mjinga, Mwadime. Nani alikutuma uweke akiba? Daktari bure, shule bure, nikizeeka watanilisha. Niweke ya nini?"

Si mtu mbaya. Alininunulia kahawa kwa pesa hizo hizo, nikainywa. Nimeona kinyaa, dada. Hapa aliyekula vyake vyote anapewa pole, na aliyejinyima anaambiwa akale kwanza alichojinyima. Nimevaa koti moja miaka tisa kwa sababu ya ng'ombe hao. Tena nimejionea kinyaa mwenyewe, kwa sababu nilikubali haraka hivyo, nikatoa na ng'ombe wa mtu.

Yule fundi wa Bomeni aliniambia, "Kaandike ni wa dada yako. Nani atatoka huku kwenda kuchungulia zizi Rukanga?" Nikarudi kwa yule mama, akanipa fomu na kalamu. Nikamfuta yule mwekundu, maana huyo kweli si wetu. Nikafika kwa wengine, mkono ukakataa.

Nikamuuliza, "Nikishakula ng'ombe wote, na nyinyi mkachoka kunilisha?"

Akasema, "Hatutachoka."

Hakuwa anadanganya. Hawatachoka. Watanilisha mpaka nife, na hakuna mtu popote atakayekuwa na ndama wangu wala mimi wake. Nikaikunja ile fomu nikaondoka nayo.

Ndiyo maana ya lile neno moja. Sasa nazoa kinyesi cha nguruwe kwenye shamba moja, tunalala wanne chumba kimoja, na harufu haitoki hata kwa sabuni. Miezi hii sitaweza kutuma kitu. Mkibanwa kabisa, uza yule dume mweusi, wa kwangu ambaye hatukumpa mtu kufuga, si mwingine.

Tafadhali nenda kwa Mzee Mwakio wewe mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu kwamba ng'ombe wake alitolewa zizini akasogezwa karibu na lori. Usinitetee. Akitaka kumchukua, mpe, na yule ndama tuliyeahidiwa kwa kumfugia mpe pia.

Nisalimie shemeji, mumeo, na mama mdogo ambaye macho yanamsumbua. Watoto wako waambie mjomba anafanya kazi.

Ni mimi mdogo wako,
Mwadime