Kucha za Mraba

Kurashiki,
siku ya tatu ya mvua za Juni

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo Nezu, Tokyo, wewe na Mama mdogo Fusae anayekusomea. Macho yanaendeleaje? Yale matone ya daktari bado yanakuchoma, au umeshayamwagia maua kama ulivyotishia? Sisi huku hatujambo. Mume wangu Shungo anakohoa kidogo lakini anakula vizuri. Mvua ni ile nyembamba isiyo na sauti, na mierebi ya kando ya mfereji imefifia kama imechorwa na mtu mwenye usingizi. Jana nilikaa dirishani na kikombe cha chai mpaka chai ikapoa, na sikumbuki nilikuwa nikiwaza nini.

Barua yako nimeipata. Kwamba mwezi wa kumi, mbele ya wanafunzi wako wote, utanikabidhi jina la nyumba yetu ya muziki, niiongoze baada yako, pamoja na zile kucha tatu za pembe za ndovu, za kuvaa vidoleni na kupigia nyuzi za koto, ulizoachiwa na mwalimu wako. Nimeisoma mara nyingi. Mwezi mzima sikujibu, nawe si mtu wa kungojeshwa. Nisikilize mpaka mwisho, utajua kwa nini.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba Shangazi Towa, shangazi yake Shungo, mwaka jana aliteleza bafuni akavunjika mkono? Ana darasa la koto la wanawake sita, wote wamepita miaka sitini, na wote ni watu wa kucha za mraba, si za duara kama zetu, kama walivyo wengi huku magharibi. Aliniomba niwafundishe mpaka mfupa uunge. Nikaenda na kucha zangu za duara, nikakaa sawasawa ulivyonifundisha, magoti yakizielekea zile nyuzi kumi na tatu. Wakanitazama kama mtu aliyevaa viatu kichwani. Bi Kikue, muuza tofu ya soya, ndiye mwenye ulimi kati yao. Akaniuliza, "Mwalimu, mbona kucha zako kama vijiko? Umekuja kupiga koto au kunywa supu?" Wenzake wakacheka mpaka mmoja akadondosha ukucha, tukautafuta mkekani.

Nami nikapata pa kumcheka, maana huyohuyo Bi Kikue alikuwa amezivaa zake juu ya kucha za kuzaliwa, zimechomoza mbele kama za paka. Nikamshika mkono, nikaanza upya kama ulivyonianza mimi nikiwa na miaka sita: kidole gumba, cha shahada, cha kati. Ukucha ukae upande wa tumbo la kidole, si mgongoni. Pete yake ya ngozi isivuke kiungo cha kwanza, isibane hata kidole kikawa cha zambarau, wala isilegee hata ukucha ukaruka. Na kabla ya kuivaa ulambe kidole, ngozi ipate kushika. Bi Kikue akasema kulamba vidole amelamba maisha yake yote, ila hakuna aliyemwambia kwamba ule ni muziki.

Taabu ilianza wiki ya pili. Ukucha wa duara hupiga uzi kwa ncha, wa mraba hupiga kwa pembe, ndiyo maana wao hukaa upande, wameelekea kushoto kidogo. Nilipokaa mbele sawasawa waliniiga, na pembe zao zikawa zinaukosa uzi. Shangazi Towa, mkono umefungwa shingoni, aliniambia kwa upole kwamba ninamharibia watu wake. Akanipa kucha zake mwenyewe. "Vaa hizi saa ya somo tu, mwanangu. Haziumi." Nikazivaa, nikageuza magoti.

Mama, sijui niseme vipi usinikasirikie. Kwako nilikaa miaka kumi na minane nikitazama mbele, na mbele ulikuwa wewe. Huku nilipogeuka, mbele yangu palikuwa na mlango wazi, na bustani, na mvua ikishuka taratibu juu ya maua ya buluu. Mikono ikapiga yenyewe. Sikuhesabu. Niliposhtuka, wanawake wote sita walikuwa wameacha kupiga, na Bi Kikue akijifuta macho, eti vumbi limemwingia, siku ya mvua. Nilirudi nyumbani polepole bila kufungua mwavuli. Nilikuwa na furaha, na furaha ile ikanitia hofu, kwa sababu nilijua itakuumiza. Nikaagiza kucha za mraba kwa fundi, za kipimo changu. Mfupa wa Shangazi uliunga zamani. Mimi sikuzirudia za duara.

Sasa nafika penyewe. Mama mdogo, najua huwa unairuka mistari inayouma ukidhani Mama hajui. Anajua. Hii usiiruke.

Mama, mlipotutembelea mwezi wa nne ulikuwa na mafua, ukalala chumba cha pili, mlango wa karatasi umefungwa. Uliniomba nikupigie ule wimbo wa mwalimu wako. Mkono wangu ulikwenda kwenye kasha ulilolizoea. Nilifika katikati ndipo nikaona nimevaa nini. Ningesimama. Lakini nyuma ya mlango ulikuwa unalia, wewe ambaye hata siku ya mazishi ya Baba hukulia, na nikakusikia ukisema, "Hiyo ndiyo sauti ya nyumba yetu, Fusae, unaisikia? Wale wa mraba sasa hivi wangekuwa wanakwangua sufuria." Nikamaliza wimbo. Nikavua kucha, nikazificha ndani ya mkono wa kimono, nikaja kukaa karibu yako. Wiki chache baadaye ukaandika kuhusu jina.

Siku zote umesema unaweza kumjua mtu wa mraba kwa sikio tu, hata akipiga nawe uko barabarani. Macho yamekwisha kwenda, nikaona vibaya kukunyang'anya na sikio. Ndicho kilichonifunga mdomo, na najua si udhuru. Nisamehe kwa kukuacha ufurahi bila kujua. Kwa kucha zenyewe siombi msamaha, Mama, kwa sababu siku ile hukukosea. Ulimsikia binti yako, ukamtambua.

Jina siwezi kulipokea kwa uongo. Kama hutaki liende kwa mtu anayekaa upande, mpe mwanafunzi wako Sumire, amekutumikia miaka ishirini na anakaa sawasawa. Kama bado unanitaka mimi, nitakuja, na nitakaa ninavyokaa, mbele ya wote.

Shungo na Shangazi Towa wanakusalimu sana. Bi Kikue naye anakusalimu, anasema tofu ya Tokyo haina ladha, umwie radhi. Jikinge na unyevu.

Ndani ya bahasha nimetia ukucha wangu wa gumba. Nakujua, umeshaupapasa kabla Mama mdogo hajamaliza salamu, na pembe zake umezihesabu. Gumba lako na langu ni kipimo kimoja. Uuvae, upige uzi mmoja tu, kisha uniambie nije au nisije.

Mwanao akupendaye,
Chizuru