Mchungwa wa Kando ya Mwamba

Mama Mutua,

Ni mimi, Mama Ndinda, mke mwenzako. Usishangae kuona mwandiko wangu. Nimesoma ngumbaru miaka miwili, na barua yangu ya kwanza nakuandikia wewe, wewe uliyekuwa ukimsomea mume wetu Nzioka gazeti huku mimi nikipepeta maharagwe na kujifanya sisikii.

Nakuletea habari za shamba la matunda. Tulipokuzika, hakuna aliyeingia humo tena. Mutua yuko kazini Mombasa, miguu yangu inauma, na kusema ukweli, sikutaka. Magugu yalifika kiunoni. Ile michungwa ya zamani mliyopanda na mume wetu mwaka wa uhuru, kwa miche aliyopewa na misheni, ikafunikwa na mimea ya kutambaa hata usiione.

Mwaka huu wanawake wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kulima, wakaamua kulifufua. Walisema machungwa ya namna ile hayapatikani tena hapa Mbooni. Kila Alhamisi wanapanda kilima na mapanga na majembe, kwa kujitolea tu. Wamekata matawi makavu, wamechimba matuta upya. Na wakipumzika, wanayemtaja ni wewe tu. Mama Mutua alikuwa na mkono wa kupanda. Mama Mutua hakuwa mchoyo. Mwenyekiti wetu, Mwalimu Ndunge, ameweka kibao langoni: SHAMBA LA MAMA MUTUA.

Na ulipokuwa na mimba ya Mutua, maji ya kumwagilia yalitoka mtoni kwa mgongo wa nani?

Sasa sikia nililofanya. Mwalimu aliniuliza, "Mama, ule mti mtamu alioupenda marehemu ni upi? Tunataka tuchukue macho yake, yale machipukizi, tupandikize miche." Nilijua. Ni ule wa kando ya mwamba. Chini yake Nzioka alikuwa akikumenyea chungwa la kwanza la msimu, polepole, ganda likishuka bila kukatika, na mimi nikiwatazama kutoka jikoni.

Nikanyoosha kidole kwa ule mkali wa kule chini, ambao machungwa yake hata nyani huonja na kutupa.

"Ni huo," nikasema.

Wakakata macho, wakayapachika kwenye miche ya limau, wakafunga na nailoni huku wakiimba. Niliimba nao. Siku hiyo nilikula ugali wangu vizuri sana, Mama Mutua. Nilijiona nimekushinda.

Kisha nikakutana na Kasiva, yule mjane wa ng'ambo ya mto, ambaye alikuwa amechukua miche mitano. Alikuwa anapanda kilima na mtungi mgongoni, kamba imembana kipaji cha uso. "Maji ya machungwa," akaniambia, anatabasamu. "Watoto wangu watayala, mama." Miaka minne, mitano atabeba maji hivyo, ndipo waonje uchungu wangu.

Alhamisi nikasimama mbele yao wote. "Niliwadanganya. Mti si huo. Nilikuwa na wivu."

Mmoja akauliza, "Wivu na marehemu?"

"Eeh. Na marehemu."

Kasiva alifunika uso kwa leso, sijui alikuwa analia au anacheka. Mwalimu akanipa kisu. "Basi tuonyeshe wewe."

Nikawapeleka kwenye mwamba. Nikatoa jicho la kwanza mwenyewe, pamoja na kipande chembamba cha ganda, kama ulivyokuwa ukifanya. Hukujua kwamba nilikuwa nakutazama miaka yote ile. Tulirudia miche yote, na ile mitano ya Kasiva, na wiki iliyopita tulifungua nailoni: mingi imeshika, macho yake ya kijani. Hakuna aliyetaja kubadilisha kibao. Nilingoja wataje. Hawakutaja.

Sitakudanganya na wewe kwamba wivu umeisha. Nzioka alipofariki nilidhani sasa tuko sawa, wajane wawili. Halafu ukaondoka, ukamfikia kabla yangu. Hilo ndilo linaniuma kuliko kibao.

Lakini nakuahidi: miche hii nitaichunga mpaka izae, na Mutua akija likizo nitamshika mkono nimwonyeshe mti wa mama yake, ule wenyewe.

Pumzika, mwenzangu. Msalimie Nzioka, mwambie sina haraka. Na siku nitakapofika, usije ukanipokea mlangoni kama mwenye nyumba. Mke mkubwa ni mimi.

Mama Ndinda