Siku Ulipofumba Macho Ukarudi Mpimbwe

Mama yangu,

Nakuandikia nikiwa barazani Ilembo. Mvua imekatika sasa hivi, majani ya mahindi bado yanadondosha maji, na mtaa mzima umenyamaza kama unasikiliza kitu. Hali kama hii ndiyo hunirudisha kwako.

Leo nimeikumbuka ile asubuhi hospitalini. Saratani ilikuwa imeshafika mgongoni. Vidonge vilikutuliza kidogo, kisha maumivu yakarudi palepale. Ulikuwa karibu umeacha kuongea, wewe uliyekuwa ukisalimiana na watu mpaka chai inapoa. Ndipo yule daktari mgeni, dada mpole anayeshughulika na wagonjwa wa maumivu makali, akasema kuna tiba ya kujaribu pamoja na dawa. Akaitaja: hipnosisi, kumwongoza mgonjwa kwa maneno mpaka akili yake itulie.

"Si ndiyo yale mazingaombwe?" ukamuuliza. "Mimi ni Mkatoliki, mwanangu. Sitaki mtu anishike akili."

Hakucheka. Alivuta kiti akakaa karibu yako.

"Hakuna atakayekushika akili, mama. Hutalala, utanisikia muda wote. Ukitaka kuacha, unafumbua macho, basi. Na sikudanganyi, ugonjwa hautaondoka. Tunataka maumivu yapungue makali."

Ulinitazama. Nikakwambia, "Nipo hapahapa, mama." Ukaivuta rozari yako kifuani ukasema, "Haya, tuone."

Ulivuta pumzi taratibu, akakuuliza ungependa kuwa wapi. Nilitegemea useme kanisani. Ukasema, "Mpimbwe. Shambani kwa baba, mpunga ukianza kuiva."

Sauti yake ikashuka, ikawa kama maji yanayopita kwenye mfereji. Alikuuliza unaona nini, ukamjibu polepole: ndege wanatua, wanaruka, tope la baridi linapenya kati ya vidole vya miguu. "Iache hiyo baridi ipande," akasema. "Ifike magotini. Ifike mgongoni." Niliona mabega yako yakilegea, na mikunjo ya uso ikiachia. Mimi mwenyewe, niliyeegemea ukuta, nilihisi kama miguu yangu imelowa.

Ulipofumbua macho ulisema, "Bado kunauma, ila kumekaa mbali." Kisha ukaomba uji. Nilitoka mbio kuutafuta, nikilia njia nzima.

Daktari alinifundisha namna ya kukuongoza, tukaendelea nyumbani. Kuna siku ilikataa kabisa, ukanifukuza chumbani. Siku nyingine ulikwenda kwa urahisi, ukarudi na habari za bibi ambaye sikuwahi kumwona: alivyoimba akipepeta mpunga, alivyowakemea, "Nyie watoto, mtaanguka mtoni!" Bila ile tiba, maumivu yangezika habari hizo zote. Uliondoka Jumapili mchana, mkono wako ndani ya wangu, bila kuubana.

Baada ya mazishi usingizi ulinikimbia. Nikachoka kukaa macho, nikarudi kwa yule daktari. Aliponiuliza nataka kuwa wapi, nilisema jikoni kwetu Kasokola, nikiwa mdogo. Nikafumba macho. Moshi ukaja, ikaja na harufu ya mahindi yanayoungua upande mmoja. Nilikutafuta, mama. Hukuwepo. Moto ulikuwa unawaka peke yake. Nilipokaribia kukata tamaa, nikasikia kutoka uani:

"We Jeni! Funga mlango, kuku wanaingia!"

Nilicheka huku machozi yanatiririka. Daktari alinieleza kwa upole kwamba ule haukuwa mzimu, ni kumbukumbu yangu mwenyewe. Najua. Lakini ilikuwa sauti yako ya zamani, yenye nguvu na haraka zake, sauti ambayo ugonjwa ulikuwa umeninyang'anya hata kabla hujafa. Siku zote nilipokukumbuka nilisikia ukigumia. Sasa nasikia ukinigombeza.

Pumzika salama, mama. Mimi siku hizi nalala.

Ni mimi binti yako,
Jeni