Saa Iliyo Ndani ya Mtungi wa Uyoga

Bi Zofka mpendwa, nakuomba unisaidie katika ukurasa wako wa ushauri gazetini, na kabla hujanisaidia jua kwanza ninachoficha: saa yangu, ile ambayo mji mzima unaamini niliitupa mtoni Oktoba iliyopita mbele ya watu arobaini, ninayo. Nilichotupa ni kikopo cha dawa ya viatu nilichokifunga kwenye mkanda wa saa, watu wakapiga makofi, na sita kati yao wakatupa za kwao kweli. Yangu iko jikoni, ndani ya mtungi wa uyoga mkavu, na kila Ijumaa naitoa, naichaji, naitazama, halafu nairudisha.

Nina miaka themanini na mmoja, nilifundisha fizikia sekondari ya hapa Kočevje kwa miaka thelathini na minane, na daktari wangu, ambaye nilimfundisha mimi na hakuwa mwanafunzi mwepesi, amesema moyo wangu ukifika msimu wa uyoga mwaka huu tutakuwa tumebahatika, kwa hiyo sina muda wa kuandika kwa kuzunguka, ingawa utaona nazunguka.

Saa hizi za mkononi, zenye simu ndani, chama chetu cha wastaafu kiliziagiza ishirini na nane kwa mpigo, na tulizichagua kwa sababu ya vitufe. Vilikuwa viwili ubavuni, vikubwa, mtu unavipata hata ukiwa umevaa glavu. Cha juu kilikuwa taa. Cha chini ukikikandamiza kilimpigia simu mtu wa kwanza kwenye orodha yako, na ukipigiwa, ukikibonyeza mara moja kilipokea. Niliwafundisha wenzangu kwa dakika kumi, hata Tončka, ambaye rimoti ya televisheni inamshinda mpaka leo, akaelewa. Kisha Septemba, Jumapili, bila maelezo, ikaingia programu mpya na vitufe vikabadilishiwa kazi. Cha chini sasa kinakuonyesha hali ya hewa na hesabu ya hatua zako, na ukipigiwa simu kinaikata. Kupokea ni cha juu, na kupiga ni cha juu hicho hicho, mara mbili upesi, na vidole vya watu wa umri wetu, Bi Zofka, viliagana na upesi zamani.

Wiki ile chama kiligeuka banda la kuku lililoingiliwa na mbweha. Tončka alitafuta taa ya kushukia stoo, akampigia dada yake aliyeko Graz mara tano kabla ya chai, mpaka dada akatuma polisi. Rudi alikata simu za mjukuu wake siku tatu mfululizo akidhani anazipokea, akawa analalamika kwamba mtoto amekuwa bubu. Tuliandika kwa kampuni, nayo ikajibu kwamba imerahisisha matumizi kwa kuzingatia maoni ya wateja. Maoni ya nani? Mimi ni mteja, hakuna aliyenigongea mlango. Kwenye ukurasa wao wa malalamiko walikuwapo watu elfu tatu kutoka kila pembe ya Ulaya wakisema warudishiwe vitufe vyao, nami nikaandika la kwangu, kwa adabu, na kijana mmoja nisiyemjua akanijibu, "Babu, jifunze, au tafuta saa ya ukutani uivae."

Sasa nifike kwa Ludvik. Tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza, yeye akawa fundi wa kukereza mbao na mimi nikawa mimi, na kwa miaka sitini aliniita Mwalimu kwa namna ambayo haikuwa heshima hata kidogo. Jumapili ile ya programu mpya binti yake Jerneja alikuwa amempikia supu ya nyama, saa ikauliza kama programu ikubaliwe, bila kutaja vitufe, Ludvik akiwa na kijiko mkononi akamnyooshea mkono wa pili na kumwambia bonyeza wewe, naye akabonyeza. Jumatano Ludvik aliingia msituni peke yake kutafuta uyoga, kwa kuwa Jumanne tulikwaruzana juu ya mahali pa uyoga, mambo ya wazee, sitakuchosha nayo, akateleza kwenye shimo la mawe akavunjika nyonga. Wawindaji walimkuta Alhamisi asubuhi, baridi ilikwisha kummaliza. Miwani ilikuwa vipande viwili, kidole kiko kwenye saa, na kioo cha saa kimeandika: mawingu kiasi, nyuzi sita.

Mawingu kiasi. Mtu anakufa, anakandamiza kitufe alichokizoea, na saa inampa habari za mawingu. Mtu wa kwanza kwenye orodha yake nilikuwa mimi, maana Jerneja yuko kiwanda cha samani na simu haziruhusiwi kwenye mashine, na majina mengine lazima uyapapase kwenye kioo, jambo ambalo Ludvik bila miwani asingeliweza. Nilisema hayo kwenye mazishi, nikayasema kwenye chama, nikaandika ombi la kudai vitufe virudishwe, likatiwa saini na watu mia nne, jina la Ludvik likiwa juu kabisa kwa herufi kubwa.

Jerneja aliitupa saa ya baba yake kwenye jiko la kuni siku ile ile ya mazishi. Amehamia nyumba ya baba yake na supu haipiki tena. Kwenye lifti ya kliniki nimemwona akimwomba mtu mwingine ambonyezee kitufe. Sasa kampuni inaleta mtu wake kuzungumza nasi Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na watu wa televisheni watakuwapo, na Jerneja amekuja kwangu na karatasi tupu akasema, "Mjomba, wewe una kalamu. Niandikie kwamba baba yangu nilimwua kwa kidole gumba hiki, nitasoma mwenyewe mbele yao." Karatasi iko mezani siku ya nne. Nimwandikie, au nisubiri nife kwanza? Na saa hii niifanye nini?

Wako,
Mzee wa Vitufe

*

Mzee wangu, pole kwa moyo wako, na pole kwa Ludvik.

Kuhusu vitufe sikupingi hata neno. Kampuni inayobadilisha kitu ambacho mtu anakishika kwa kupapasa, tena bila kumwuliza, inastahili malalamiko yote elfu tatu, na langu liwe la elfu tatu na moja. Huyo kijana wa saa ya ukutani naye atazeeka. Natamani ningekuwapo siku hiyo nimpelekee saa kubwa yenye kengele.

Lakini umeniandikia kurasa nne za hasira, na ugomvi wako na marehemu umeupa mstari mmoja. Barua yako nimeisoma na kalamu nyekundu mkononi, kama ulivyokuwa ukisahihisha madaftari. Mtu anayeichukia saa haichaji kila Ijumaa. Anayeichaji kuna kitu anakitazama humo ndani. Saa ya Ludvik imeungua, iliyobaki ni ya kwako, na jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa la kwako. Chama kizima ulikifundisha vitufe kwa dakika kumi. Rafiki wa dawati moja alikosa somo? Na huo ugomvi ambao hukutaka kunichosha nao, ndio hasa niliotaka kuchoshwa nao.

Usinijibu mimi. Mimi ni ukurasa wa gazeti, keshokutwa watu watanifungia mayai. Yupo mwanamke anayetaka kusimama mbele ya kamera ajiite muuaji, kwa maneno utakayomchagulia wewe. Ukimwandikia, nawe unajua unachokijua, utakuwa umemtendea ubaya kuzidi kampuni yoyote. Na hilo swali la kufa kwanza limeniudhi, nakwambia wazi. Wewe utapumzika, yeye ataendelea kuomba watu wambonyezee lifti mpaka atakapofikia umri wako. Huko si kuondoka, ni kumtwisha mtoto wa rafiki yako mzigo wako na kumfungia mlango.

Fanya hivi. Wiki hii ichaji saa Jumamosi. Jumapili kabla ya chakula cha mchana nenda nyumbani kwake, kwa teksi kama miguu haifai. Usitume posta, usimtume padri. Usianze kwa kuomba msamaha, maana akikusamehe kabla hajajua, utajificha nyuma ya msamaha huo kama ulivyojificha nyuma ya vitufe. Weka saa mezani, mwonyeshe kilichomo, sema, kisha nyamaza. Akikufukuza, ondoka wala usigeuke kujitetea mlangoni. Na karatasi yake irudishe ikiwa tupu.

Mkutano na kampuni uendelee, na vitufe mvidai kwa sauti zote mlizo nazo. Ila jina lililo juu ya ombi lenu, wewe peke yako ndiye unayejua kama lina haki ya kuwa pale. Kama halina, lifute wewe mwenyewe, kwa mkono wako.

Zofka

*

Bi Zofka, nilikwenda. Jerneja ameniruhusu uyachapishe haya, na uandike jina lake.

Alikuwa amechemsha viazi tu. Niliweka saa katikati ya meza, nikafungua mahali inapotunza simu zilizoingia, nikamsogezea. Jumatano ile: Ludvik, saa nane na dakika kumi mchana. Ludvik, saa nane na dakika kumi na nne. Ludvik, saa nane na dakika thelathini na moja. Kando ya kila moja pameandikwa neno moja, imekatwa.

Nikamweleza ugomvi. Jumanne nilimkuta baba yake amepiga magoti mahali pangu pa uyoga, mahali ambapo kwa miaka arobaini sikuwahi kumwonyesha mtu, hata mke wangu marehemu. Nilimwita mwizi. Akaniambia, "Msitu una hati, Mwalimu? Nionyeshe muhuri." Nikamwambia asinipigie tena mpaka ajifunze aibu. Jumatano nilikuwa nakata uyoga vipande vya kukausha, huo huo ulio mtungini, saa ikatetemeka, nikaona jina lake, nikajua ananipigia kunitambia kikapu alichojaza. Nilifurahi kumkatia. Baada ya ile ya tatu nilivua saa nikaiweka kabatini, na jioni watu waliokuwa wakimtafuta walipokuja kuuliza kama nimemwona, nilisema sijamwona, jambo ambalo lilikuwa kweli, nikadhani nitawaambia habari za simu asubuhi.

Jerneja alisoma ule mstari wa tatu muda mrefu. Nilitegemea anifukuze. Badala yake alinisogezea kiti, akasema polepole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa, "Mjomba, vitufe vilikuwa vimegeuzwa. Hata mzee Rudi alikata simu za mjukuu wake siku tatu. Huenda ulidhani unapokea."

Maneno hayo nilikuwa nayo tayari kwa miezi saba, nimeyapanga vizuri kuliko alivyoyasema yeye, na sasa ananipa mwenyewe, bure, kwa upole, katika nyumba ya baba yake. Yalikuwa yanatosha. Asingeuliza tena, wala mtu mwingine asingeuliza.

Nikamwambia hapana. Nilimwambia kwamba Jumatatu, siku moja baada ya programu kuingia, nilikuja hapa kumfundisha baba yake vitufe vipya. Yeye alikaa kwenye kiti alichokalia Jerneja, mimi nikasimama bustanini kwenye kabichi. Alibonyeza cha juu mara mbili akanipigia, nikapokea, akanitukana, nikamkatia kwa cha chini, akacheka mpaka nikamsikia kupitia dirishani, akapiga tena. Tulifanya hivyo mara kumi, yeye hakukosea hata moja, wala mimi. Alijua kupiga. Simu zilifika, mawingu kwenye kioo chake yalikuja baadaye. Na mara zote tatu Jumatano ile nilijua nabonyeza kipi.